Balbu ya wati 100 inasoma omu 40 kwenye testa, hesabu inaniletea wati 1,300. Nakosea wapi?

Mama wa Bruda (Kibosho, Moshi)

Habari za usiku ndugu zangu. Naomba msaada, na mnivumilie kwa urefu wa maelezo, maana nikifupisha najua mtaniuliza tu.

Nafuga kuku chotara hapa Kibosho, banda liko mwisho wa kihamba, shamba letu la nyumbani. Juzi nimepokea vifaranga 200 wa siku moja. Mnaokaa huku juu mnaijua Julai yetu: ukungu unashuka saa kumi jioni, na jua mnalionja kesho yake saa nne. Bruda yangu, yaani sehemu ya kuwatunzia vifaranga kwa joto, ni duara la mabati, maranda chini, na juu nimening'iniza balbu nne za wati 100, zile za zamani za uzi, kwa sababu ninachotaka ni joto, siyo mwanga.

Sasa hili ndilo linalonisumbua. Kuanzia saa moja jioni mpaka kama saa nne usiku vifaranga wanarundikana chini ya balbu, wanapandana, wanalia kile kilio chembamba cha baridi. Asubuhi ya kwanza niliokota sita wamekandamizwa na wenzao. Lakini nikiamka saa kumi na moja alfajiri, wakati nje baridi inauma kweli kweli, nawakuta wametawanyika, wamelala kwa raha. Yaani baridi inazidi, wao wanatulia! Nikasema hapana, hapa shida siyo baridi, shida iko kwenye balbu. Na kweli jioni mwanga wake unakuwa mwekundu mwekundu, umezubaa.

Kijana wangu yuko kidato cha tatu. Akaniambia mama, hili ni la kupima: volti ni ampea mara omu, na wati ni volti mara ampea. Tuna testa ndogo ya njano niliyonunua Mbuyuni. Tukafungua balbu moja, tukaweka testa kwenye omu, ikasoma 40. Ya pili 39, ya tatu 41, ya nne 40. Kwa hiyo 230 gawanya kwa 40 ni ampea 5.75. Zidisha kwa 230 unapata wati 1,322. Boksi limeandikwa 100! Tumerudia hesabu mara tatu. LUKU yangu, mita ya umeme wa kulipia kabla, inashuka kama yuniti 5 kwa usiku mzima, friji ikiwemo.

Basi tukasema tuache omu, tupime ampea yenyewe. Kijana akahamisha waya wa testa kwenye tundu la 10A, akachomeka ncha mbili kwenye soketi ya nyumbani. Ilitoka cheche na mlio, breka ikaanguka, ncha moja imeyeyuka kama mshumaa. Mkono wake haukupata kitu, namshukuru Mungu, lakini mpaka saa hizi nikifumba macho naiona ile cheche. Kabla ya hapo tulishapima volti kwenye soketi hiyo hiyo, jioni, ikasoma 190 kwa utulivu kabisa. Ncha ni zile zile, soketi ni ile ile. Kwa nini mara ya kwanza kimya na mara ya pili mlipuko?

---

Kijana wa Pasua

Mama shikamoo, pole sana. Mimi naona shida ni waya ya kwenda bandani. Volti zinaishia njiani. Weka waya nene na hiyo testa tupa, omu 40 ni uongo mtupu.

---

Msuka Mota (Unga Limited, Arusha)

Mama, pole kwa vifaranga na pole zaidi kwa hilo la soketi. Nitaanza na soketi kwa sababu hilo linaua, mengine yanasubiri.

Testa ikiwa kwenye volti, ndani yake kuna ukinzani mkubwa sana, omu milioni moja au zaidi. 230 gawanya kwa milioni moja ni ampea 0.00023. Hicho si kitu, ndiyo maana ilikaa kimya. Ukihamishia waya kwenye tundu la 10A, ndani umebaki na kipande cha waya nene tu, labda sehemu moja ya mia ya omu. Hesabu mwenyewe: 230 gawanya kwa 0.01 ni ampea 23,000 kwenye karatasi. Nyaya za nyumba na za barabarani zina ukinzani wao, kwa hiyo hazifiki huko, ila zinafika mamia ya kutosha kuyeyusha chuma kabla breka haijaanguka. Kijana wako alichounganisha ni laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) kwa kipande cha waya. Kama umeibakiza ile testa igeuze uisome pale kwenye tundu: nyingi za aina hiyo tundu la 10A halina fyuzi kabisa, na linapima umeme wa betri tu. Hata angeiunga sawasawa, isingemsomea ampea za umeme wa nyumbani.

Ampea hupimwa kwenye njia ya umeme, mita ikiwa imekaa katikati ya waya na mzigo (kifaa kinachokula umeme), siyo kati ya laivu na nyutro. Sisi karakana tunatumia mita ya kubana, ile yenye taya: unabana waya moja tu, hugusi shaba. Ukibana zote mbili kwa pamoja itasoma sifuri, kwa sababu umeme unaokwenda na unaorudi unafutana. Kwa mzigo mdogo kama balbu moja nazungusha waya mara kumi kwenye taya, halafu nagawanya jibu kwa kumi.

Sasa omu 40. Mdogo wangu wa Pasua, usitupe testa ya mama. Testa imesema kweli! Balbu hiyo ikiwa baridi ni omu 40 kweli. Tatizo ni kwamba mmeipima ikiwa imelala, halafu mkaifanyia hesabu kana kwamba iko kazini. Uzi wa balbu ni metali ya tangsteni, na unapowaka unafika nyuzijoto kama 2,500 za Selsiasi. Metali ikipata moto inauzuia umeme zaidi, na tangsteni kwa joto hilo inazuia zaidi ya mara kumi. Twende kinyumenyume kutoka kwenye boksi: wati 100 gawanya kwa volti 230 ni ampea 0.435. Volti 230 gawanya kwa 0.435 ni omu 529. Hiyo ndiyo balbu yako ikiwa inawaka. Omu 40 inaishi sehemu ndogo sana ya sekunde, pale unapobonyeza swichi, ndiyo maana balbu nyingi hufia wakati wa kuwasha na siyo zikiwa zimeshawaka.

Na LUKU yako imeshakujibu kabla yangu. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Wati 1,322 mara balbu nne mara saa 12 ni zaidi ya yuniti 63 kwa usiku. Wewe unatumia 5. Wati 100 mara nne mara saa 12 ni yuniti 4.8, na jioni zinapozubaa zinakula pungufu ya hapo, kinachobaki ndiyo friji. Mita ya LUKU ni shahidi mzuri kuliko testa yoyote ya Mbuyuni.

Niambie waya ya kwenda bandani ina urefu gani na unene gani. Sitaki kuisingizia bila kuipigia hesabu.

---

Mama wa Bruda

Fundi, Mungu akubariki. Nimemsomea kijana maneno yako kwa sauti, hasa ya soketi. Testa nimeigeuza, kweli imeandikwa haina fyuzi.

Waya ni mita 60 kutoka nyumbani mpaka bandani, unene milimita za mraba 1.5, ya shaba. Naambiwa na jirani niongeze hita ya wati 2,000 nimalize shida. Nina ekstensheni ya kuzungushia, ile ya 0.75, nayo ina mita 60. Nifanye hivyo?

---

Msuka Mota

Hapana mama, tafadhali usifanye. Ngoja nikuonyeshe.

Shaba ya 1.5 ina ukinzani wa omu 12.1 kwa kilomita. Umeme unakwenda mita 60 na kurudi mita 60, jumla 120, kwa hiyo omu 1.45. Balbu zako nne zinavuta ampea 1.74. Zidisha: volti 2.5. Hicho ndicho waya yako inachokula, volti mbili na nusu kati ya 230. Haina hatia. Kushuka mpaka 190 kunatokea kabla umeme haujaingia nyumbani kwako, na umesema mwenyewe 190 mliisoma soketini nyumbani, siyo bandani. Mko wengi kwenye laini moja ndefu, na kuanzia saa moja kila nyumba inapika, inachemsha maji, taa zote zinawaka. Usiku wakilala, volti zinapanda. Vifaranga wako wamekuwa wakikusomea volti bila mita.

Sasa weka hiyo hita ya 2,000 kwenye ekstensheni ya 0.75. Ampea 8.7. Waya ya 0.75 kwa mita 120 ni kama omu 3.1. Volti zinazopotea ni 27, lakini hilo siyo la kuogopa. La kuogopa ni joto: ampea mara ampea mara omu. 8.7 mara 8.7 mara 3.1 ni wati 235. Hizo ni zaidi ya balbu mbili zako zikiwaka ndani ya mpira wa waya. Ikinyooka yote inaweza kuhimili, joto linatawanyika. Ukiiacha imezungushwa kwenye kile kigurudumu chake, halafu iko juu ya maranda makavu... Mama, nimeshaletewa vigurudumu vya hivyo karakana, nyaya zimeshikana zikawa tofali moja jeusi. Sitaki nikuletee picha.

Kitu kimoja zaidi ambacho watu hawakihesabu. Volti zikipungua kidogo, joto linapungua sana, kwa sababu volti inaingia kwenye hesabu mara mbili: wati ni volti mara volti gawanya kwa omu. Chukua pasi ya wati 1,000. Ikiwa baridi itasoma karibu na omu 53, ikiwa moto ni hiyo hiyo kwa kukaribia, maana waya wake wa nikromu haubadiliki sana kama tangsteni. Kwa volti 190: 190 mara 190 gawanya kwa 53 ni wati 681. Umepoteza volti 40 tu, yaani asilimia 17, lakini joto limepungua karibu theluthi nzima. Balbu inajitetea kidogo, kwa sababu ikizubaa uzi wake unapoa na ukinzani unashuka, kwa hiyo haipotezi kiasi hicho chote.

Na friji uizime saa hizo za jioni kama unaweza. Mota siyo kama pasi. Pasi ikikosa volti inavuta ampea pungufu na kutulia. Mota ikikosa volti, mzigo wake uko pale pale, inavuta ampea nyingi zaidi ili kuubeba, na joto la nyaya zake linapanda kwa ampea mara ampea. Mota za mashine za kusaga ninazosuka kila wiki, nyingi zimekufa kifo hicho.

Usinunue mita mpya kwanza. Angalia mita yako ya LUKU, kuna kitaa chekundu kinachokonyeza. Pembeni kumeandikwa idadi ya mikonyezo kwa yuniti moja. Kama ni 1000 imp/kWh, kila konyezo ni wati-saa moja. Zima kila kitu nyumbani, acha balbu nne tu. Hesabu mikonyezo kumi kwa saa ya simu. 36,000 gawanya kwa sekunde ulizopata, ndiyo wati zako. Fanya saa mbili usiku na saa kumi na moja alfajiri. Volti ipime na testa, waya ikiwa kwenye tundu la volti, na uiangalie mwenyewe kabla ya kuchomeka.

---

Mwalimu wa Soweto (Moshi)

Fundi amemaliza karibu yote, nami nasema hongera kwa huyo kijana. Alichokutana nacho kwenye balbu ndicho ninachotamani wanafunzi wangu wakutane nacho, badala ya kukariri pembetatu ya V, I na R (volti, ampea na omu) na kufunika herufi kwa kidole.

Mwambie hivi: fomula ya omu ni volti gawanya kwa ampea inafaa kwa kitu chochote, mradi volti na ampea umezipima wakati mmoja. Alichosema mwanafizikia Mjerumani Georg Ohm mwaka 1827 ni zaidi ya hapo: kwamba kwa metali iliyokaa kwenye joto lile lile, jibu la kugawanya halibadiliki hata ukibadilisha volti. Sharti la joto ndilo balbu inalivunja. Akichora grafu ya ampea dhidi ya volti kwa balbu, mstari utapinda. Kwa pasi utanyooka.

Na kuna jambo litakalomgusa mama. Ohm mwenyewe, akifundisha shule huko Köln, alisumbuliwa na umeme usiotulia. Betri za wakati wake zilikuwa zinashuka nguvu katikati ya kipimo, namba zake zikawa zinamkimbia. Akashauriwa aziache. Akatumia viungo vya bismathi na shaba, upande mmoja kwenye maji yanayochemka, upande mwingine kwenye barafu. Tofauti ya joto ikampa umeme mdogo lakini usiotetereka, na hapo ndipo uhusiano ukajitokeza wazi.

---

Mama wa Bruda

Nimerudi na majibu. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, kama ulivyosema fundi. Kijana alishika simu, mimi nikahesabu mikonyezo kwa sauti, tumesimama kwenye baraza na sweta mbili mbili.

Saa mbili usiku: volti 190. Mikonyezo kumi, sekunde 121. Wati 297 kwa zote nne, yaani 74 kwa kila balbu. Ampea 0.39 kwa balbu. Omu 487.

Saa kumi na moja alfajiri: volti 228. Mikonyezo kumi, sekunde 91. Wati 396, yaani 99 kwa balbu. Ampea 0.434. Omu 525.

Mwalimu, kijana ameziandika kwenye daftari tatu kwa mstari: 40, 487, 525, balbu moja hiyo hiyo. Amekaa anaziangalia muda mrefu.

Kwa hiyo fundi, jioni bruda yangu inakosa wati mia moja, balbu nzima. Kama kila moja inatoa 74, nikitaka 400 nahitaji tano na nusu. Niweke sita? Na alfajiri si zitawachoma?

---

Msuka Mota

Weka sita, lakini mbili za nyongeza zipe swichi yao. Kwa sita jioni una wati 444. Volti zikipanda hadi 228, sita zitakupa karibu 594, hapo watakimbilia kwenye mabati na kupanua midomo. Sita kwa volti za alfajiri ni ampea 2.6, waya yako ya 1.5 inabeba bila kuhema. Holda ziwe za kauri, zile za plastiki zitalainika kwa joto la wati mia linalopanda juu.

Stabilaiza, kile kifaa cha kutuliza volti, ingeweza kusaidia, lakini kumbuka haitengenezi umeme. Ili ikupe wati 400 kutoka volti 190 itavuta zaidi ya ampea 2.1 pale ambapo balbu peke yake zilivuta 1.6, na kila jirani akinunua moja laini yenu itazidi kushuka. Volti 190 ni za kuripoti, na sasa una namba za kupeleka: tarehe, saa, volti.

---

Mama wa Bruda

Holda za kauri nimepata mjini leo, swichi amefunga fundi wa hapa kijijini, breka ikiwa chini wakati wote, nilisimama mlangoni kuhakikisha.

Saa mbili usiku huu: mikonyezo kumi, sekunde 81. Volti 190. Nimeinama mlangoni kwa bruda na tochi nimeizima. Hakuna anayelia. Wamejitandaza kwenye maranda duara zima, wengine miguu wameinyoosha nyuma kama wamekufa, nikashtuka, nikamgusa mmoja akafungua jicho akalala tena. Wachache wako kwenye maji. Zile mbili za nyongeza nitaamka saa tano kuzizima.